Maarifa ya Nyumbani: Pete ya Kufungia Mnyama Ubavuni mwa Gari

Siku za kukaribia Idi na Krismasi, na hata mwisho wa juma wa kawaida, pikapu nyingi huingia Kampala kutoka Luweero, Nakasongola, Mubende na Kiruhura zikiwa zimebeba mbuzi wawili watatu, au ng'ombe mmoja. Gari likishaingia uani na mnyama akashushwa, swali la kwanza huwa ni hili: afungwe wapi? Nyumba nyingi za mjini hazina mti mkubwa wala nguzo iliyochimbiwa ardhini. Kwa hiyo mnyama hufungwa kwenye gari lenyewe, ama kwenye bampa, ama kwenye kitasa cha mlango, ama kwenye kishikio kidogo cha kufungia turubai.

Hapo ndipo hasara huanza. Kitasa hakikutengenezwa kwa ajili ya kuvutwa na ng'ombe. Kamba iliyofungwa kwenye bampa huwa chini mno, na mnyama huikanyaga au kuipitisha katikati ya miguu yake. Kishikio cha turubai aghalabu ni ndoano iliyo wazi, nayo inaweza kuchoma jicho la mnyama au kuchana mkono wa mtoto. Familia iliyojinyima kwa miezi kadhaa ili inunue mnyama huyo inaweza kumpoteza kwa dakika chache, na pengine ikapoteza na zaidi ya mnyama.

Katika nchi kama Uingereza, ambako farasi husafirishwa kwa magari maalumu, dawa ya tatizo hili ni pete za chuma zilizokazwa ubavuni mwa gari kwa upande wa nje. Farasi akishashushwa hufungwa hapo wakati wa kusafishwa, kunyweshwa maji au kungojea zamu yake uwanjani. Uganda farasi ni wachache, kwa kuwa ugonjwa wa nagana uenezwao na mbung'o, pamoja na maradhi mengine, umewafanya kuwa wagumu kufuga tangu zamani. Lakini ng'ombe na mbuzi ni wengi, na punda hubeba mizigo Karamoja na Kapchorwa. Maarifa ya pete ile yanawafaa wanyama hawa pia, ilimradi yapatanishwe na maumbile yao na mazingira ya mji wetu.

Msingi wa maarifa hayo ni mdogo. Pete isiachie kamwe, na fundo liachie mara moja linapotakiwa. Kazi hizi mbili zikibadilishana nafasi ndipo maafa yanapotokea. Pete iking'oka, mnyama hukimbia akiburuta kipande cha chuma kinachompiga miguuni. Kadiri kinavyompiga ndivyo anavyozidi kuogopa na kukimbia. Na fundo likigoma, mnyama aliyeanguka hunyongwa na kamba yake huku watu wakihangaika kulifungua kwa kucha na meno.

NGUVU YA MNYAMA

Mbuzi wa kawaida ana uzito wa kilo 25 hadi 40, nao si mzigo wa kutisha. Lakini dume la Ankole linaweza kuzidi kilo 500, na pembe zake ndefu huchukua nafasi kubwa kila upande. Ikumbukwe pia kwamba mnyama havuti kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Akistuka hujitupa nyuma kwa uzito wake wote mara moja, na mstuko huo wa ghafla huvunja vitu ambavyo vingestahimili mvuto wa taratibu. Kwa sababu hiyo haitoshi kuitikisa pete kwa mkono mmoja na kusema kwamba ni imara.

MAHALI PA KUKAZA

Kosa la kawaida ni kukaza pete kwenye bati. Bati la ubavuni mwa gari ni jembamba. Huonekana gumu kwa kuwa limepakwa rangi na kukunjwa vizuri, lakini likivutwa hupasuka au hujikunja. Pete ikazwe kwenye kiungo kinachobeba uzito wa gari: nguzo ya chuma ya bodi, au mhimili wa mbao ngumu kama lori lina bodi ya mbao. Pikapu nyingi zibebazo mifugo zimewekewa kizimba cha vyuma nyuma. Nguzo nene ya kizimba hicho ni mahali pazuri, lakini kwanza ihakikishwe kuwa kizimba chenyewe kimekazwa kwa bolti kwenye gari, wala hakikusimamishwa tu ndani yake.

Kabla ya kutoboa tundu lolote, fundi atazame kwa ndani kuna nini. Nyaya za taa, mrija wa mafuta na mrija wa breki hupita mahali ambapo mwenye gari hatarajii. Pete isiwe karibu na kifuniko cha mafuta, taa, bomba la moshi, bawaba ya mlango, wala ukingo mkali wa bati juu ya gurudumu.

Kuhusu kimo, pete iwe sawa na bega la mnyama au juu yake kidogo. Ikiwa chini mno, kamba huwa mtego wa miguu. Ikiwa juu mno, mnyama hawezi kushusha kichwa na shingo yake huchoka upesi. Kwa hiyo pete ya ng'ombe haiwafai mbuzi, na mwenye kusafirisha wote wawili hana budi kuweka pete mbili za vimo viwili. Zikiwekwa pete mbili za ng'ombe upande mmoja wa lori, ziachane kiasi kwamba pembe za mmoja hazimfikii mwenziwe. Kwa ng'ombe wa Ankole ni salama zaidi kila ubavu wa gari uwe na mnyama mmoja tu.

PETE YENYEWE NA BOLTI ZAKE

Mafundi wa Katwe wanaweza kuitengeneza pete hiyo kwa muda mfupi, lakini mteja ajue anachotaka. Pete ya ng'ombe iwe ya chuma cha duara chenye unene wa milimita 10 hadi 12, na uwazi wake wa ndani uwe sentimita 5 hadi 7, ili kamba ipite bila kubanwa. Maungio yake yachomelewe kabisa na kulainishwa kwa tupa, isibaki ncha ya kukata kamba. Ni vema pete iwe ya kulala, yaani ijilaze kwenye ubavu wa gari isipotumika, isije ikanasa nguo za wapita njia.

Pete hushikiliwa na bamba la chuma lenye matundu mawili au manne ya bolti. Bolti zipenye upande wa pili. Skrubu za kujitoboa hazifai hata kidogo, kwa kuwa hushikwa na nyuzi chache tu za bati. Kwa ndani liwekwe bamba jingine pana kuliko lile la nje, lenye unene wa milimita 5 hivi. Bamba hilo la nyuma ndilo litandazalo nguvu ya mvuto mahali papana, na pasipo hilo hata bolti nene huweza kuchomoka na kipande cha bati. Nati ziwe za aina isiyolegea, au ziwekewe washa za springi, maana barabara zenye mashimo hulegeza kila kitu.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi. Upande wa ndani wa gari ndiko wanyama wanakosimama wakati wa safari. Mkia wa bolti uliochomoza utawachana ubavu. Kichwa cha bolti kilicho laini kielekezwe ndani, au mkia ukatwe na kusuguliwa hadi usiumize mkono unaopapasa.

Ikiwa fundi ataamua kuchomelea badala ya kutumia bolti, afanye hivyo kwenye chuma kinene tu, kwa kuwa moto huunguza bati jembamba na kulidhoofisha pembeni mwa maungio. Kabla ya kuanza, waya hasi wa betri uondolewe ili umeme wa kuchomelea usiharibu mitambo ya gari, na kazi ifanywe mbali na tangi la mafuta. Mwishoni maungio yapakwe rangi ya kuzuia kutu. Kampala hupata misimu miwili ya mvua kila mwaka, na kutu huanzia mahali palipochomelewa pasipakwe kitu.

Kazi ikikamilika, pete ijaribiwe kabla ya mnyama kuletwa. Watu wazima wawili au watatu waivute kwa kamba, kwanza taratibu, kisha kwa kustukiza, huku mmoja akitazama bati la ndani. Likijikunja hata kidogo, kazi irudiwe. Baada ya hapo pete ikaguliwe kila inapokaribia kutumika: je, nati zimelegea? Je, kuna ufa kwenye maungio? Je, chuma kimelika mahali kamba inaposugua?

KAMBA NA HATAMU

Kamba ya katani hushika fundo vizuri na haichomi viganja, lakini huoza ikilala katika unyevu. Kamba ya nailoni ina nguvu zaidi, ila huteleza, na ikipita mkononi kwa kasi huunguza ngozi. Lolote litakalochaguliwa, kamba iwe nene kiasi cha kushikika sawasawa, isiyo na nyuzi zilizokatika.

Mnyama asifungwe kwa kitanzi kinachokaza shingoni. Kitanzi hicho hukaza kila anapovuta na hakilegei anapoacha, na ndicho kinachonyonga mbuzi wengi. Ng'ombe avishwe hatamu ya kichwani, na mbuzi avishwe ukanda mpana wa shingoni usiokaza. Dume lenye pete ya puani lisifungwe kwa pete hiyo peke yake, kwani likijitupa nyuma pua hupasuka.

Urefu wa kamba kutoka kwenye pete hadi kwenye hatamu uwe sentimita 45 hadi 60 kwa ng'ombe. Kwa urefu huo anaweza kugeuza kichwa na kusimama kwa raha, lakini hawezi kuupitisha mguu juu ya kamba. Wapo wanaodhani kwamba kamba ndefu ni huruma kwa mnyama. Kamba ndefu yafaa malishoni, ambako kuna nafasi. Kando ya gari humzungusha, humwingiza chini ya bodi na kumwangusha.

FUNDO LA KUACHIA

Fundo hili kila mtu mzima wa nyumbani anapaswa kulijua, wanawake kwa wanaume, maana mnyama hachagui saa ya kustuka.

Kwanza, ncha ya kamba ipitishwe ndani ya pete na kuvutwa hadi urefu unaotakiwa upatikane. Sasa kuna sehemu mbili: kamba-mama itokayo kwa mnyama, na mkia uliotokea upande wa pili wa pete. Pili, mkia upitishwe chini ya kamba-mama, kisha urudishwe juu yake ili ufanye duara. Tatu, mkia ukunjwe, na kile kikunjo, wala si ncha yake, kisukumwe ndani ya duara. Nne, kikunjo kivutwe mpaka fundo lijikaze karibu na pete.

Mnyama akivuta kamba-mama, fundo hukaza. Mtu akivuta mkia, fundo lote hufunguka kwa mara moja. Mkia uachwe mrefu kiasi cha kushikwa na mtu aliyesimama mbali kidogo na pembe. Yafaa kujifunza kwanza kwenye lango au mguu wa meza, mara ishirini au thelathini, hata mikono iweze kulifunga gizani.

Wakati wa kufunga, vidole visiingizwe ndani ya duara, na kamba isizungushwe mkononi kamwe. Mnyama akijitupa wakati huo, kamba hukata vidole. Kadhalika kiwepo kisu kikali mahali panapojulikana. Fundo likigoma, kamba ikatwe karibu na pete, mbali na shingo ya mnyama.

Wenye farasi katika nchi za wenzetu huongeza jambo jingine. Kati ya pete na kamba huweka kitanzi cha uzi mwembamba, ili farasi akipagawa uzi ukatike kabla ya shingo yake kuumia. Je, desturi hiyo yafaa Kampala? Yafaa katika ua uliozungushiwa ukuta na wenye lango lililofungwa. Lakini kando ya barabara, uzi ukikatika ng'ombe ataingia katikati ya magari na bodaboda, na hatari itakuwa imehamishwa kutoka kwa mnyama hadi kwa watu. Jibu la busara ni kutomfunga mnyama kando ya barabara hata kidogo. Ikiwa hakuna budi, basi uzi mwembamba usitumike, na mtu mzima asimame karibu muda wote, mkono ukiweza kuufikia mkia wa kamba.

GARI LISIMAMEJE

Mji wa Kampala umejengwa juu ya vilima, na uwanja tambarare si rahisi kupatikana. Gari lenye mnyama ubavuni litafutiwe mahali palipo sawa. Injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Trela isitumike kufungia mnyama kama imeachanishwa na gari lake, kwa kuwa ng'ombe mmoja anaweza kuisogeza au kuiinua upande mmoja.

Mnyama afungwe upande usioelekea barabara, penye kivuli, pasipo matope ya kuteleza. Ndoo ya maji aletewe anyweshwe na kuondolewa, isije ikanasa mguu wake. Watoto wawekwe mbali, hata kama mbuzi anaonekana mpole.

Kuna kanuni moja ambayo yafaa kila nyumba iishike: ufunguo wa gari ukae mfukoni mwa yule aliyemfunga mnyama. Si ajabu dereva kutumwa dukani haraka, akaingia garini kwa upande wa pili bila kuona kilichofungwa ubavuni. Ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwenye kamba, gari haliwezi kuondoka kabla ya fundo kufunguliwa.

Vilevile, pete ya nje ni ya mnyama aliyesimama kando ya gari lililosimama. Si ya safari. Mnyama asifungwe nje ya gari linalokwenda, hata kama ni hatua mia za kutoka langoni hadi nyuma ya nyumba, wala gari lisitumiwe kumvuta ng'ombe mkaidi. Na pete siyo mlinzi. Mnyama aliyefungwa garini asiachwe peke yake. Akihitaji kulala hapo mpaka kesho, atengenezewe boma.

SHERIA NA ADABU YA SAFARI

Mambo haya si ya hiari ya moyo peke yake. Uganda ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, nayo inakataza kumbeba mnyama kwa namna inayompa mateso yasiyo ya lazima. Kuku walioning'inizwa vichwa chini ubavuni mwa gari, na mbuzi aliyekunjwa nyuma ya bodaboda, ni mandhari iliyozoeleka katika barabara zetu, lakini mazoea hayabadilishi sheria. Aidha, mifugo haihamishwi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali cha ofisa wa mifugo, na wakati wa karantini ya ugonjwa wa midomo na miguu safari husimamishwa kabisa. Mwenye pikapu aulize kabla ya kuanza safari, si kizuizini.

Faida nyingine iko katika nyama yenyewe. Mnyama aliyehangaika kabla ya kuchinjwa hutoa nyama nyeusi, kavu na isiyokaa vizuri, na aliyejigonga huwa na damu iliyovilia ambayo mchinjaji hulazimika kuikata na kuitupa. Wafanyakazi wa machinjioni huko Old Port Bell Road hupokea ng'ombe waliosafiri kutoka Mbarara, mwendo wa kilomita 270 hivi, na alama za safari mbaya huonekana ngozi inapochunwa. Hata mbuzi mmoja wa sikukuu huonyesha jinsi alivyotunzwa.

Bei ya pete mbili, bolti nane na mabamba ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya ng'ombe. Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari. Mwenye pikapu anayetazamia kubeba mifugo mwaka huu amwone fundi mapema, kabla ya msongamano wa sikukuu, na jioni moja awakusanye wa nyumbani kwake langoni, wenye kamba mkononi, mpaka kila mmoja awe amelifunga fundo na kulifungua.